Dereva wa Posa Yangu Mwenyewe

Leo nimeadhirika, na nataka mlisikie kutoka kwangu kabla Shangazi Zuhura hajamaliza kupiga simu. (Namsikia kutoka chumbani kwangu. Kuta za nyumba hii ya Mount Druitt ni nyembamba, na Shangazi huongea na simu kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.)

Nianze na gari, maana gari ndilo lililoniponza.

Ami Badi ni mdogo wake baba. Yeye na dada yao, Shangazi Zuhura, ndio walionilea hapa Sydney tangu baba arudi Mombasa. Ana gari la Kiaustralia la zamani, la milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane, rangi ya chungwa na mistari miwili myeusi. Alilinunua alipofika nchi hii, kabla hajanunua hata kitanda. Kisha mgongo ukaanza kumsumbua, klachi ikawa nzito kwake, akalifunika shuka na kuliacha garajini. Likakaa humo miaka kumi na mmoja. Siku za mvua Shangazi alikuwa akianika nguo juu yake.

Miezi saba iliyopita nilimwambia Ami kwamba nataka kuoa. Binti anaitwa Nasra. Tulisoma pamoja chuo kikuu Parramatta, kwao ni Tanga, wazazi wake wanakaa Blacktown. Ami akanywa chai yake, akasema, "Basi tutakwenda kuposa na gari langu."

"Ami, gari lako panya wamezaliana ndani."

"Ndiyo uanze mapema."

Hivyo ndivyo mimi, mhitimu wa takwimu ambaye kwa sasa hupanga maboksi ghalani huku nikisubiri majibu ya maombi ya kazi, nilivyogeuka fundi. Sikujua lolote. Nikatazama video. Nikaandika orodha ya mambo yote yanayoweza kuharibika, ikafika kurasa kumi na moja. (Nikazipanga kwa uwezekano wa kutokea. Msiniulize.) Nikabadilisha betri, mipira ya maji, mafuta ya breki, plagi na matairi. Nikatoa petroli ya zamani, ilikuwa ikinuka kama rangi ya kucha. Nikaosha tanki. Nikaliosha tena kwa sababu sikuwa na hakika. Nikaliosha mara ya tatu kwa sababu sikuwa na hakika kama ile mara ya pili nilikuwa na hakika.

Siku lilipowaka, Ami alilia, kisha akakana kwamba alilia. Wiki iliyopita likapita ukaguzi na kupata namba za barabarani.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikininyima raha: lisije likazimika kwenye taa za barabarani, nyuma yangu kuna msururu wa magari. Basi nikafungua skrubu ndogo kwenye kabureta, ile inayoongeza kasi ya injini gari likiwa limesimama. Jana nikaifungua tena. Leo asubuhi nikaifungua kidogo tu, kwa ajili ya amani ya moyo.

Sasa, kwa wale wasiojua mambo yetu ya pwani: mwanamume haendi kwenye posa yake. Wazee ndio wanaokwenda. Wanapeleka barua, wanamsemea, wanarudi. Yeye hukaa nyumbani akijifanya hajui kinachoendelea. Kuonekana mlangoni kwa kina binti siku hiyo ni utovu wa adabu, ni kama kutangaza kwamba huna watu. Mimi sikuwa na tatizo na hilo hata kidogo. Kukaa nyumbani nikihangaika ni kazi ninayoiweza.

Lakini Ami alipasuliwa jicho wiki mbili zilizopita na daktari amemkataza kuendesha. Shangazi hawezi gari la gia. Na nilipopendekeza tukodi gari lingine, Ami aliniangalia kwa lile jicho moja lililobaki mpaka nikaomba radhi.

"Utatushusha mlangoni," alisema, "kisha uondoke upesi. Nani atakuona?"

Tukaondoka baada ya swala ya adhuhuri. Ami mbele, kanzu nyeupe, koti, kofia ya kufumwa, bandeji kwenye jicho. Shangazi nyuma, buibui jipya, sinia mapajani: barua ya posa ndani ya bahasha, halua, udi, chupa ya marashi. Gari lilikuwa likinguruma vizuri mno. Njia nzima watu walitupigia honi na kututolea dole gumba. Ami aliwapungia mkono kama rais. Halikuzimika hata mara moja, kwenye taa zote. Nilianza kujisifu moyoni. (Hapo ndipo nilipokosea.)

Mpango wangu ulikuwa kusimama barabarani, niwashushe, nikate kona. Nilikuwa nimeshachagua kona yenyewe kwenye ramani. Lakini langoni alikuwa amesimama mzee mmoja, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, anatuashiria kwa mikono miwili tuingie hadi ndani, mbele ya mlango wa garaji lao. Huyo ni Mzee Shee, kaka mkubwa wa baba yake Nasra.

"Ami, nisiingie."

"Ingia," akasema Ami bila kuchezesha midomo. "Utamkatalia mzee wa watu?"

Nikaingia. Nikageuza ufunguo kuzima.

Gari halikuzima.

Nikautoa ufunguo kabisa. Injini ikaendelea. Si kwa mngurumo ule wa njiani, bali kwa kukohoa, dugu, dugu, dugu, na kila ikikohoa gari zima linatikisika. Ami akashuka kwa heshima zote na kuanza kusalimiana. Shangazi akabaki nyuma, maana gari la milango miwili hutoki nyuma mpaka wa mbele akukunjie kiti, na kiti cha Ami kimeshika kutu hakikunjiki. (Ukurasa wa tisa. Niliandika "si haraka".) Kwa hiyo njia yake ya kutokea ilikuwa mimi.

"Idrisa, zima gari mwanangu. Watu wanangoja."

"Nimezima, Shangazi."

"Mbona linaenda?"

Nikamwonyesha ufunguo. Akautazama ufunguo, akaitazama boneti inavyotikisika, akaanza kusoma dua.

Nilikumbuka video moja. Injini ikigoma kuzima, unaingiza gia, unakanyaga breki, unaachia klachi, inakufa. Nikaingiza gia. Halafu nikaanza kujiuliza: breki ikanyagwe sana au kidogo? Nikiikanyaga sana, si nitaumiza gia? Yule mtu wa kwenye video alisema kabla au baada? Nikiwa bado katika kuwaza, mguu wangu wa kushoto ulichoka.

Gari liliruka. Likalipiga pipa la taka, pipa likaupiga mlango wa garaji, ekzosi ikatoa mlio mmoja kama bunduki, na kasuku weupe wote waliokuwa kwenye mti wa jirani wakaruka wakipiga kelele. Majirani wa pande zote mbili wakatoka. Mmoja alikuwa na taulo.

Kisha kimya. Injini imekufa. Nyuma yangu Shangazi amelikumbatia sinia, buibui limemfunika uso mzima, na kutoka ndani ya buibui sauti ikasema, "Halua iko salama."

"Karibuni," akasema Mzee Shee.

Nikashuka kichwa chini, nikakunja kiti, nikamtoa Shangazi. Mzee Shee akanitazama, akamwuliza Ami, "Na huyu kijana?"

Ami hakufikiri hata sekunde moja. "Dereva."

"Aingie basi apate maji."

"Hapana, huyu hupenda kukaa na gari."

Wakaingia. Nikabaki na gari ninalopenda kukaa nalo. Nikajaribu kuliwasha niondoke. Stata ilizunguka, injini ikakataa. Nikajaribu tena. Nikajaribu mpaka jirani mwenye taulo akaniambia kwa upole kwamba nitamaliza betri.

Hapo mlango wa pembeni ukafunguliwa na baba yake Nasra akatoka.

Niwaeleze kwa nini hakuwa ndani. Kwao, kama kwetu, baba wa binti hasemi siku ya posa. Anasemewa na kaka yake. Kazi yake ni kukaa na kutazama zulia. Inaelekea alitazama zulia mpaka likamshinda. Na kwa nini hakunijua: Nasra aliwahi kumwonyesha picha yangu, yeye akaisukuma simu akisema kwanza aone watu wa huyo kijana, sura baadaye.

"Shikamoo."

"Marahaba. Fungua boneti."

Nasra aliniambia baba yake anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Hakuniambia kwamba kabla ya kuja huku alikuwa fundi magari Tanga miaka ishirini. Katika kurasa zangu kumi na moja hapakuwa na mstari wa jambo hilo.

Akakunja mikono ya kanzu. Akainama, akanusa, akaigusa ile skrubu kwa ncha ya kidole.

"Nani kaifungua hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa litazimika njiani."

"Ndiyo maana lilikataa kuzimika hapa." Akachomoa mpira wa petroli, akadondosha matone kiganjani. Yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. "Tanki ulisafisha?"

"Mara tatu."

"Kwa maji?"

"Ya moto. Na sabuni."

"Ukalikausha?"

"Nilidhani limekauka."

"Hii ni kutu mpya, mwanangu. Miaka yote ya gari hili tanki lilikuwa zima. Umeitengeneza wewe."

Miezi saba nilihangaika gari liwake, na kila kilichoharibika leo nilikiharibu mimi kwa mkono wangu, kwa uangalifu mkubwa.

Tukainama pamoja juu ya injini. Dirishani ilisikika sauti ya Ami ikipanda na kushuka. Baba Nasra akasikiliza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Huyo kijana wanayemposea, unamjua?"

Hapa niwaombe mnielewe. Nilikuwa na njia tatu. Nikisema mimi ndiye, nimevunja adabu mbele ya mkwe. Nikisema simjui, nimesema uongo kwa mkwe. Nikasema, "Kidogo."

"Ni mtu wa namna gani?"

Nikawaza: dereva mkweli angesemaje? Nikimsifu sana atajua nimepangwa. Shahidi anayesifu tu haaminiki, hata kwenye takwimu hatumwamini. Lazima niweke na kasoro kidogo, zile ndogondogo, ili sifa zipate uzito. (Wakati ule hoja hii ilionekana ya akili.)

"Si mbaya."

"Si mbaya ndiyo nini? Nimtoe binti yangu kwa si mbaya?"

"Ni mwaminifu. Ila ana wasiwasi."

"Wa nini?"

"Wa vitu vyote. Akifunga mlango lazima arudi kuutazama."

"Anaswali?"

"Anaswali. Ila akimaliza kutawadha hurudia, hana hakika kama alipaka maji kichwani."

"Kazi?"

"Yuko ghalani. Shahada anayo, bado anatafuta."

Nilijisikia nikisema na sikuweza kuacha. Zile kasoro ndogondogo zilikuwa zimekwisha, nilikuwa nimeingia kwenye kubwa, na sifa hata moja sikuwa nimeifikia. Baba Nasra alifuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Na binti yangu anampenda, au amechoka kukaa peke yake?"

Nikasahau kuwa mimi ni dereva. "Anampenda. Hilo ndilo jambo pekee ambalo harudi kuliangalia."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akanitazama kwa muda. "Njoo ndani," akasema.

"Niko sawa hapa."

"Njoo."

Sebuleni Ami alikuwa katikati ya hotuba. "...kijana mtulivu, hajui hata maana ya wasiwasi, anafanya kazi ya kompyuta..." Akaniona. Jicho lake zima likafunguka mpaka nikahofia na lile lingine litashtuka chini ya bandeji. Shangazi akainamia sinia la halua kana kwamba kuna maandishi.

"Kaka," Baba Nasra akamwambia Mzee Shee, "najua leo si siku yangu ya kusema. Lakini nimepata shahidi. Dereva wao anamjua kijana, na anasema ukweli. Anasema yuko ghalani."

"Ghala lenye kompyuta," akasema Ami.

"Na anasema ana wasiwasi mpaka wa kutawadha."

Mzee Shee akanionyesha mahali pa kukaa. Nikakaa. Kochi lilikuwa jeupe. Nikakumbuka mikono yangu, nikaiinua, na kwenye mto mweupe zikabaki alama mbili nyeusi, vidole vyote kumi vinahesabika.

"Haya, dereva," akasema Mzee Shee. "Hapa tunasikia habari mbili. Ami yake anasema kijana hana wasiwasi. Wewe unasema anao. Tushike ipi?"

Watu wote wakanigeukia. Ami akatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia.

"Inategemea," nikasema.

Ndipo Mama Nasra alipoingia na sinia la vikombe vya kahawa. Yeye picha ile hakuisukuma. Yeye, nimekuja kujua, aliikuza kwa vidole viwili mpaka akahesabu nyusi. Akasimama katikati ya sebule. Vikombe vikagongana kidogo.

"Na huyu ni nani?"

"Dereva wao," akasema Baba Nasra. "Kijana mkweli sana. Anamjua mposaji kuliko hata ami yake."

"Atakosaje kumjua," akasema Mama Nasra, "naye ndiye mwenyewe?"

Niliisikia saa ya ukutani. Nilimsikia jirani akilipiga picha gari nje. Kisha kutoka jikoni kikasikika kicheko kimoja kilichobanwa, kikashindikana, kikatoka chote. Nakijua kicheko hicho. Nimekaa nacho maktaba miaka mitatu.

Ami alijaribu. "Kijana wetu," alisema, "ana utani."

"Astaghfirullah," akasema Shangazi.

Mzee Shee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa hiyo," akasema, "mposaji amehudhuria posa yake, ameitwa shahidi, na amejishuhudia. Tena vibaya." Akageuka kwa Ami. "Katika umri wangu sijapata kuliona hili. Hapa, Tanga, wala kwingine."

Nikasimama kuomba radhi. Nilisema sikukusudia kuja. Nikasema nilikuwa nikate kona. Nikaanza kuwaeleza ile kona iko wapi. Shangazi akanivuta shati nikakaa, palepale, juu ya alama zangu.

Baba Nasra alirudi kutazama zulia. Nilimtazama mpaka shingo ikauma, sikuona lolote usoni mwake.

Barua ilipokewa. Mzee Shee alisema, kwa sauti ya kufunga kikao, kwamba majibu ni baada ya wiki mbili, kama ilivyo ada, na kwamba hadi hapo kila upande utulie kwake. Alipotamka "kila upande" alinitazama mimi. Halua ikaliwa. Mimi sikuila, maana mikono.

Nje, gari lilikuwa bado limebanana na pipa, limeziba mlango wa garaji ambamo kuna magari yao mawili. Nikatoa simu niite gari la kulivuta. Baba Nasra akanishika mkono.

"Halivutwi. Likivutwa litakwenda kwa mtu akuharibie kabureta nzuri. Litafunguliwa hapa."

"Lakini Mzee Shee kasema nitulie kwetu."

"Barua ni mambo ya kaka yangu, na kaka yangu amesema wiki mbili. Gari liko mlangoni kwangu, na mimi Jumatatu naenda kazini." Akafunga boneti taratibu, kwa viganja viwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. "Kesho saa tatu uje mwenyewe. Usitume wazee."

Tukarudi Mount Druitt kwa treni. Ami na kanzu yake, Shangazi na sinia tupu, mimi na shati lenye grisi. Mtu mmoja akamwuliza Ami kama tunatoka harusini. Ami akasema hajui bado.

Tangu tufike nyumbani hajaniambia neno, isipokuwa kuuliza kama nilivuta breki ya mkono. (Niliivuta. Nadhani niliivuta.)

Na sasa hivi Nasra ameniandikia. Hakuandika pole wala hongera. Ameandika hivi tu: "Baba ananiuliza unavaa ovaroli saizi gani."

Nimeusoma ujumbe huo kwa pande zote na sijui kama ni ndiyo au ni hapana. Mwenye kutaka kucheka acheke sasa hivi, kesho kuanzia saa tatu nitakuwa chini ya gari kwa wakwe na sitaweza kumjibu.